Kifungo cha Jembe

Tahiru Kamisi hakuwa na mtoto wa kiume. Hakuwa na ng'ombe, hata mmoja wa kusingizia kwamba yuko kwa shemeji. Hakuwa na sauti ya kuimba, wala miguu ya kucheza ngoma, wala ule ulimi unaoweza kumwambia mtu jambo zito naye akaondoka anacheka. Baiskeli aliyopanda ilikuwa ya serikali. Hakuwa na rafiki wa kumpitia jioni bila kuwa na shida. Na hakuwa na jina la utani, ilhali Koboko ya siku zile mtu aliyependwa hakukosa jina: kulikuwa na Kizibo, kulikuwa na Baba Nusu, kulikuwa na Mguu wa Mvua. Yeye aliitwa Mnyapara, kama vile jembe linavyoitwa jembe.

Alichokuwa nacho ni barabara. Ilitoka mjini Koboko, ikapita nyuma ya machinjio, ikashuka kwenye mashamba ya mihogo, ikaenda mpaka Ludara. Katikati yake palikuwa na kinamasi. Zamani Tahiru alisimamia vibarua wa kulipwa, lakini serikali ya askari ilipoingia na shilingi ikaanza kukonda, vibarua walitoka mmoja mmoja kama meno ya mzee, akabaki yeye, ufunguo wa ghala la sururu, na filimbi.

Alikuwa na kalamu pia, na hiyo aliipata kwa jasho. Akiwa kijana alibeba mawe ya barabara kule Arua mchana kutwa, na jioni akaenda misheni ya Ediofe kukaa kwenye benchi la mapadri, yeye Mwislamu, Mnubi mtoto wa Mnubi, magoti yakimgusa kidevu kwa sababu benchi lilikuwa la watoto. Alisoma hivyo mpaka akaweza kuandika ripoti bila kumwomba mtu msaada. Tangu siku hiyo hakushika jembe mbele za watu. Aliona kuwa mtu aliyesota namna ile ili atoe mikono yake matopeni hairudishi humo bure. Na ripoti zake zilikuwa za kweli. Kama mfereji haukuchimbwa, aliandika haukuchimbwa, hata kama aibu ilikuwa yake.

Kinamasi kile ndicho kilichomtesa. Kila mvua kubwa kilikata barabara, na wagonjwa wa Ludara waliokuwa wakipelekwa zahanati walilala ng'ambo juu ya vitanda vya kamba wakisubiri maji yapungue. Tahiru alijua dawa yake: tuta refu la mawe na udongo, na kalvati katikati ya kupitisha maji. Kazi ya watu wengi. Aliwaita mwaka baada ya mwaka. Aliwaita kupitia msikitini, akawaita kupitia kanisani, akampa chifu maneno ya kusema. Asubuhi ya kazi alisimama ukingoni kwa shati safi, akapuliza filimbi, akaanza kuita majina. Waliofika hawakujaza hata kivuli cha mti mmoja. Wengine walituma udhuru: huyu jino, yule msiba wa shangazi ya mkewe, mwingine mbuzi wake amezaa. Saa ya jua kali hata hao wachache walitoweka, na Tahiru akarudi nyumbani kuandika: Watu hawakuja.

Mwaka wa sabini na nne, kijana mmoja wa Ludara, Kenyi, alichukua baiskeli ya mtu sokoni Koboko, akaipanda mpaka Arua kwenda kwenye ngoma, akairudisha baada ya siku kadhaa, gurudumu la mbele limepinda kama sikio la mbuzi. Mwenye baiskeli alikuwa Ambroise, Mkongomani muuza samaki wakavu na vitenge. Kwa hasira ya siku ile alimshtaki.

Hakimu alikuja kutoka Arua, kesi ikasikilizwa kwenye ukumbi wa chifu, na watu walijaa mpaka madirishani.

"Kwa nini uliichukua?" hakimu akauliza.

"Mheshimiwa," Kenyi akajibu, "ilikuwa imesimama tu. Nikaona kama inachoka."

Ukumbi ulicheka. Ambroise mwenyewe alificha mdomo kwa kitambaa. Ila Tahiru, aliyeitwa kusimama karibu na meza bila kujua sababu, hakucheka. Alijiuliza ni kitu gani mtu huyu alicho nacho, hata wizi wake ukawafurahisha watu kuliko uaminifu wa wengine.

Hakimu huyo alikuwa na njia yake, na wakubwa wake ama hawakuijua ama walijifanya hawaijui. Hakupenda kupeleka wezi wa vitu vidogo gerezani. Katika miaka ile, gereza la Arua lilikuwa na mlango mmoja wa kuingilia na milango mingi ya kutokea, na si milango yote iliyomrudisha mtu kwao. Kwa hiyo akasema Kenyi atalipia kosa lake kwa kufanya kazi ya faida ya wote: atajenga tuta la kinamasi cha Ludara, alale kwake, ale chakula chake, amalize kabla ya mvua kubwa. Watu wakakiita kifungo cha jembe.

Kesi ilipokwisha, hakimu alimvuta Tahiru kando, nyuma ya gari.

"Wewe ndiwe msimamizi. Nimeambiwa ripoti zako ni za kweli."

"Ni za kweli, mheshimiwa."

"Basi sikiliza. Kazi ni yake yeye. Adhabu haigawanywi kama nyama ya sikukuu. Akimaliza kwa mikono yake, niandikie, nami nitafunga faili. Akikimbia, au watu wakimfanyia, niandikie pia, nitatuma gari limchukue. Nikiwaachia wafanye mchezo, wakubwa wataifuta njia hii na mimi pamoja nayo."

Maneno hayo Tahiru aliyabeba peke yake. Hakuna mwingine aliyeyasikia.

Mwanzoni alifurahi. Kila asubuhi alimkuta Kenyi amekwisha ingia maji ya kiunoni, anang'oa matete, anabeba mawe kutoka mlimani kwa karai, anaimba. Tahiru alikaa ukingoni juu ya kigoda, akaelekeza kwa fimbo: hapa pana, pale nyembamba, changarawe kwanza, bomba la kalvati katikati, udongo mwekundu juu. Kenyi alisema "Ndiyo mzee" na akafanya. Baada ya miaka kadhaa, Tahiru alikuwa na mtu mmoja wa kumtii.

Kisha akapita Driwaru, mama mzee mwenye shamba la ufuta ng'ambo. Aliteremsha kikapu, akafunga kanga kiunoni, akachukua jiwe.

"Mama, acha," Tahiru akasema. "Hii ni adhabu ya mahakama."

"Mimi napita, naona mtu iko ndani ya maji na mzigo. Nipite kama mbuzi?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yao kule, na Tahiru aliijua vizuri. Mtu akiwa na jembe udongoni, anafanya kazi nzito isiyo ya nyumba yake, huwezi kumsalimu kwa mdomo tu ukaenda zako. Unamsalimu kwa mikono kwanza: majembe machache, mawe mawili, kisha unaaga. Lakini aliyesimama juu na kupuliza filimbi, huyo hana jembe udongoni. Huyo unamsalimu kwa mdomo.

Driwaru alibeba mawe yake, akaaga. Kesho yake alipita na dada zake. Kesho kutwa wakaja vijana waliokuwa wakienda kunyoa, wakasahau kunyoa. Kenyi aliimba na wao wakaitikia, na katika wimbo alimtaja kila aliyefika: huyu mwenye shingo ya twiga, huyu aliyekimbia mahari, huyu anayebeba jiwe kama anabeba mtoto wa mwenzake. Watu wakaangua kicheko, wakakaa zaidi ya walivyokusudia ili wasikie watatajwa vipi. Hatimaye pombe ya mtama ikaletwa kwa wanaokunywa na uji kwa wasiokunywa, na kifungo kikawa kama mavuno.

Siku moja akatokea Ambroise na karai jipya begani.

"Wewe!" Tahiru akasimama. "Wewe ndiwe mshtaki!"

"Ndiyo, papa. Mimi ndiye mutu wa baiskeli." Ambroise alikunja suruali. "Lakini batu wote ya soko beko hapa. Mimi nitauzia nani samaki?"

"Alikuharibia gurudumu!"

"Gurudumu nilishanyoosha. Roho ndiyo ilibaki imepinda kidogo." Akaingia majini akipiga kelele kwa baridi, na Kenyi akaimba habari ya samaki mkavu aliyerudi mtoni, watu wakalala chini kwa kucheka.

Tahiru akakaa kwenye kigoda chake. Tuta lilikuwa likipanda mbele ya macho yake, lile lile alilolichora kichwani kwa miaka, na kila jiwe lilimwingia kooni. Aliwatambua wote. Yule wa jino alikuwa pale anakenua. Yule wa msiba wa shangazi alikuwa pale. Kumbe walikuwa na mikono siku zote. Mimi niliwaita kwa jina la serikali, kwa jina la Mungu, kwa jina la watoto wao, alijisemea. Mwizi hakumwita mtu, na wamekuja.

Wivu wa namna hiyo hauwaki kama nyasi. Unafukuta kama pumba za mpunga: juu majivu, ndani moto. Tahiru aliwaambia watu mara mbili tatu kwamba ile ni adhabu, waondoke, lakini alilisema kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikilizwa. Jambo moja ambalo lingewaondoa wote kwa mara moja, neno la hakimu nyuma ya gari, hakulisema. Alilinyamazia. Kila aliyeingia majini kumsaidia Kenyi alikuwa akimsukuma kuelekea Arua bila kujua, na Tahiru aliketi akiwahesabu kimoyomoyo, nusu anaona aibu, nusu anaona utamu.

Hata hivyo huenda angeacha tu mambo yaende, kama si Hawah.

Hawah alikuwa mke wake, mama wa binti zake. Mikono yake ilijulikana mji mzima kwa kisra, ule mkate mwembamba wa Wanubi ambao uji wake hukorogwa ukachacha na kumiminwa kwenye chuma cha moto, ukaliwa na mchuzi wa bamia. Miaka yote ya barabara, Tahiru alikula muhogo wa kuchoma njiani. Hawah hakupata hata siku moja kumpelekea chakula kazini. Mchana ule Tahiru alimwona akishuka njia ya machinjio na sinia kichwani, limefunikwa kwa kawa ya rangi. Akasimama, akasogeza kigoda apate nafasi ya kunawa.

Hawah alimpita. "Salaam, Baba Rabia," akasema, akashuka hadi ukingoni. "Watoto, njooni mle!" Akafunua sinia. Watu wakapanda wakitiririka maji, Kenyi wa kwanza, akala kwa mikono miwili, akasema mama huyu angekuwa jeshini, askari wasingepigana tena, wangekaa tu wakisubiri mchana. Hawah akacheka. Alicheka kicheko ambacho Tahiru hakukisikia tangu binti yao Rabia aolewe. Kisha alijifunga vizuri gora yake, lile vazi la kujitanda la wanawake wa Kinubi, akashika karai, na mke wa Mnyapara akabeba udongo.

Nyumbani jioni, kabla hata hajavua viatu, Tahiru alisema, "Umenifedhehesha."

"Kwa kuwalisha watu wanaofanya kazi yako?"

"Miaka mingapi nimekuwa kwenye jua? Hukuniletea hata maji!"

"Uliomba?" Hawah alikuwa akisugua sinia kwa majivu. "Na ningekuletea wapi? Juu ya kigoda? Mimi mwanamke wa Kinubi, nishuke barabarani mbele za watu, nimpelekee sinia mtu aliyekaa na shati jeupe, kama napeleka kwa mzungu?"

"Mimi ni msimamizi."

"Ndiyo. Umesimama sana."

"Yule ni mwizi, Hawah!"

"Ni mwizi. Tumesema si mwizi? Aliiba baiskeli, na sasa yuko ndani ya matope mpaka kifuani. Ukimtazama unajua anacholipa. Wewe, mtu akikutazama hajui."

Tahiru alivua viatu, akaenda kulala. Asubuhi alitoa karatasi na kalamu, akaandika kwa hakimu. Barua ilikuwa nzuri. Alisema kwamba hukumu imegeuzwa karamu. Kwamba wanawake, vijana, na hata mshtaki mwenyewe wanaifanya kazi ya mfungwa. Kwamba yeye kama msimamizi anatoa taarifa kama alivyoagizwa. Hapakuwa na neno moja la uongo ndani yake. Ilibaki kujaza hali ya kazi ilivyo siku ya kuandika, na mtu kama yeye hakuandika hali ya kazi akiwa kitandani. Akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa ngozi, akapanda baiskeli kwenda kuona kwa macho. Ambroise angesafiri Arua siku ile ile kufuata bidhaa. Barua ingekwenda naye.

Ilikuwa siku ya soko la Ludara, na mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu alfajiri, ingawa mjini kulikuwa na jua. Alipofika kinamasini alisikia sauti ya maji kabla ya kuyaona. Yalikuwa mekundu, yamebeba matete na magogo, yamesimama upande wa juu wa tuta karibu kufika kileleni. Watu wote walikuwa sokoni. Kenyi alikuwa peke yake, ameegemeza mgongo kwenye gogo alilolilaza juu ya tuta, miguu imezama, anazuia.

"Mzee!" alipiga kelele. "Mzee Tahiru! Tuta linatikisika! Shika upande ule!"

Tahiru alisimama na baiskeli yake. Alielewa kila kitu kwa mtazamo mmoja. Tuta likivunjika, hakuna haja hata ya barua. Kazi haijaisha, mvua imekuja, mfungwa ameshindwa. Asingesema neno baya juu ya mtu. Angesimama tu, jambo alilolizoea.

Akasimama. Kenyi akaita tena, na safari hii hakuita kwa mzaha.

Lakini jicho la Tahiru lilikuwa limekwisha kwenda mahali pengine, bila ruhusa yake. Lilikwenda upande wa chini, kwenye mdomo wa kalvati, na kuona maji yanatoka pale kama mkojo wa mtoto, hafifu, kwa vipande. Kalvati imezibwa. Mjinga yule anasukuma juu, na shida iko chini! Atasukuma mpaka atapasuka, na tuta litaondoka na yeye, na barabara — barabara yake Tahiru, si ya Kenyi, si ya hakimu, yake aliyoilinda tangu watu hawa walipokuwa wakinyonya — itakatwa tena.

"Acha gogo!" alifoka. "Acha gogo, bwege we! Njoo chini! Kalvati!"

Akatupa baiskeli. Mfuko aliutundika kwenye tawi. Shati hakulivua, hapakuwa na wakati. Aliteremka kwa makalio mpaka ndani ya maji, baridi ikamkata pumzi, akapiga magoti, akaingiza mikono yote miwili ndani ya bomba mpaka mabegani. Alishika matete, mizizi, kitu laini ambacho hakutaka kujua ni nini. Akavuta. Kenyi alifika, akamshika kiunoni, wakavuta pamoja, wakaanguka chali, wakarudi.

"Si hivyo! Zungusha kwanza! Zungusha kama unatoa mzinga!"

"Nazungusha, mzee!"

"Unacheza! Zungusha!"

Driwaru ndiye aliyewaona akitoka sokoni. Alipiga ukelele, na soko likaja. Walikuja na majembe, na fito za vibanda, na mikono mitupu. Hakuna aliyesubiri kuitwa jina. Tahiru hakupuliza filimbi. Ilikuwa shingoni lakini imejaa matope, na hakuikumbuka. Alitoa amri huku maji yanampiga mdomoni, na watu wakazifuata kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mbele. "Mnyapara, pisha kidogo, umezidi kunenepa," mtu mmoja alimwambia, akamsukuma, na Tahiru akapisha. Hawah alikuwapo, lakini aliujua wakati wa kunyamaza. Donge lilipochomoka hatimaye, maji yaliruka kutoka kwenye kalvati kama ng'ombe waliofunguliwa, yakawabwaga wote waliokuwa mdomoni mwake, na upande wa juu ziwa likaanza kushuka.

Waliketi juu ya tuta wakihema. Lilikuwa limesimama. Pale lilipolegea walishindilia udongo na mawe mpaka jua lilipogeuka, na Tahiru alibeba mawe kama wengine, kwa karai, na mikono yake ikakumbuka kazi ya Arua kana kwamba haijawahi kushika kalamu. Kenyi aliimba. Alimwimbia kila mtu isipokuwa Tahiru. Pengine alimwogopa bado.

Lakini kazi ilipokwisha, Kenyi alimjia, akachutama mbele yake.

"Mzee, mimi sijui kuandika. Wewe utamwandikia hakimu kwamba kazi imeisha?"

"Nitamwandikia."

"Basi naomba kitu moja. Usiandike Kenyi peke yake. Andika hawa wote. Mama Driwaru, Ambroise, mama yetu Hawah. Na wewe mwanzo, juu kabisa. Hakimu asome majina, ajue watu wa hapa iko namna gani."

"Ndiyo, andika!" Driwaru akadakia. "Jina langu halijaandikwa popote isipokuwa kwenye kodi."

"Mimi uandike na jina ya baba yangu," Ambroise akasema. "Ambroise kuko wengi."

Wakacheka, wakaanza kujitaja mmoja mmoja ili asisahau. Tahiru aliwatazama na shati lake limegandamana na mwili. Angeweza kuwaambia wakati ule neno la hakimu. Lakini neno likishafika kwa watu wa soko, kesho liko Arua, na keshokutwa hakimu atalisikia kwa mdomo wa dereva wa lori. Akasema, "Nimesikia." Akachukua mfuko wake kwenye tawi, akakokota baiskeli kwenda nyumbani.

Hawah alimpa nguo kavu na maji ya moto. Tahiru alitoa barua mfukoni. Ilikuwa kavu kabisa, nzuri, ya kweli kila mstari. Alimsomea mkewe yote, kisha akamwambia lile neno la nyuma ya gari. Hawah aliketi.

"Ulijua tangu mwanzo? Nikiwa nabeba karai, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza."

"Ulikuwa unacheka," Tahiru alisema. "Kama zamani. Ukimchekea yeye."

Hawah alikuwa na maneno mengi, na baadhi yake yalikuwa makali, lakini aliyameza. "Sasa?" aliuliza.

"Sasa nikiandika ukweli, anakwenda gerezani. Nikiandika jina la mtu mmoja tu aliyemsaidia, hata langu, anakwenda."

"Na usipoandika majina yao, hakimu akija kusoma mbele ya watu, wataona nini?"

"Wataona Mnyapara amewafuta kwa kijicho." Alicheka kidogo, bila furaha. "Nao watakuwa wamekosea safari hii tu."

Barua ya kwanza ilikwenda jikoni, motoni chini ya chuma cha kisra. Tahiru aliikalia karatasi mpya kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kukalia ripoti yoyote. Hakuwa na huruma ya kutosha kumpenda Kenyi; wivu ulikuwa pale pale umechutama, unamtazama akiandika. Ulimwambia kwamba siku moja katika maisha yake aliingia majini na watu wakaingia nyuma yake, na siku hiyo ndiyo anaitoa zawadi kwa mwizi. Mkono wake ulisimama hapo. Kisha ukaendelea.

*Kwa Mheshimiwa Hakimu, Arua. Kazi ya tuta la Ludara imekwisha na maji yanapita vizuri. Mfungwa Kenyi ameifanya kwa mikono yake mwenyewe tangu jiwe la kwanza mpaka la mwisho, bila kusaidiwa na mtu. Mimi msimamizi nilikuwa ukingoni, nikitazama. Wako mtiifu, Tahiru Kamisi.*

Aliisoma, na kwa mara ya kwanza maishani akaweka sahihi yake chini ya uongo. Ulikuwa umeandikwa vizuri.

Ambroise, ambaye mafuriko yalimchelewesha, alikuwa akipakia magunia matupu kwenye lori mbele ya msikiti. Kabla Tahiru hajatoka nyumbani kumpelekea barua, Hawah alileta ugali kidogo wa kugundishia, kwenye ncha ya kidole. Tahiru akaupaka kwenye bahasha, akaikunja, akaikandamiza kwa kiganja kilichochubuka mpaka ikashika.

"Jina yangu iko ndani, papa?" Ambroise akauliza akiipokea. "Na ya baba?"

"Peleka barua."

"Mimi nauliza tu. Batu wataniuliza njiani."

"Waambie imefungwa," Tahiru akasema.

Ambroise aliitia kifuani ndani ya shati, akapanda juu ya magunia, akapiga bodi kwa kofi, na lori likashika njia ya Arua.